Chupa Iliyotoka Ghorofa ya Tatu

Aliona tepu.

Ndiyo, wasomaji, wiki nzima mmeulizana Waziri aliona nini kwenye ile chupa iliyopasuka. Damu kila mtu aliiona. Yeye aliona tepu nyeusi ya mafundi umeme, imezungushwa shingoni mwa chupa safu juu ya safu, na mwisho wake umekunjwa kijisikio kidogo, ili atakayetaka kuifungua asihangaike kuutafuta kwa kucha.

Mtu mmoja tu hukunja tepu namna hiyo. Mtu huyo ndiye aliyemlea Waziri.

"Toeni kitu hiki mguuni mwangu!" Mama Kinu alipiga kelele. "Mnanitazama kama televisheni?"

Alikuwa ameketi juu ya lundo la chupa za plastiki, mguu wa kulia kaunyanyua hewani. Sindano ilikuwa imetoboa soli ya ndala, ikazama unyayoni, na bomba lake lilikuwa linaning'inia kama kupe.

Kwa anayejiunga nasi leo: Waziri si waziri. Ni binti aliyemaliza chuo, akakosa kazi, akaamua kuwafundisha wapangaji wa jengo lao kutenga taka. Ndoo ya kijani ni ya maganda na mabaki ya chakula. Ndoo ya njano ni ya vitu vikavu, yaani chupa, makopo na karatasi. Wapangaji walimcheka, wakamwita Waziri wa Taka, kisha wakachoka kucheka, wakatenga. Ndoo za njano humwagwa kwenye banda la mabati nyuma ya jengo, na humo wanawake wanne wanapata riziki yao.

Mama Kinu ndiye mkanyagaji. Wenzake hutoa vifuniko, yeye huziponda chupa kwa miguu mpaka zilale bapa, gunia lipokee nyingi. Kwa kazi hiyo angeitwa Mchi, ila wenzake walitazama umbo lake wakaona Kinu inafaa zaidi.

Na kila siku, kazi inapokaribia kuisha, wenzake humwachia chupa moja yenye kifuniko kilichokazwa. Huirukia kwa miguu miwili. Inalipuka paa! na banda zima linashangilia. Wanaiita mlio. Ndiyo burudani yao pekee.

Siku hiyo Bi Mizani, mpima magunia, ndiye aliyemchagulia mlio. Alichagua chupa nyeupe ya maziwa, isiyoonyesha kilichomo, iliyofungwa kwa tepu. Alidhani itatoa mlio wa kuamsha mtaa.

"Nimekuua, dada yangu," Bi Mizani alikuwa analia. "Mikono yangu imekuua."

"Nani kafa? Ukinililia tena nitakupiga teke na huu mguu mzima."

Waziri alipiga magoti, akaichomoa sindano, akauosha mguu kwa maji na sabuni, tena na tena, mpaka Mama Kinu akauliza kama anaoshwa au anafuliwa. Wanawake wakacheka kwa woga. Walipoinua macho kumtazama Mwenyekiti aliyekuwa anaingia, Waziri aliibandua ile tepu, akaifinyanga, akaiweka mfukoni.

Hapo ndipo alipoanza kukosea.

Mwenyekiti wa wapangaji aliingia leso ikiwa puani.

"Nilisema! Sikusema?" Aliitazama ile chupa iliyopasuka na sindano zilizotapakaa chini. "Ndani ya jengo lenye watoto kuna mtu anajidunga! Waziri, hizi ndizo faida za ndoo zako?"

"Mwenyekiti, mtu ameumia hapa."

"Nimemwona. Pole, mama." Hakumtazama. "Sasa sikilizeni. Mwenye chupa ajitokeze wiki hii hii. Nikimshika mimi, namkabidhi polisi kwa mikono yangu. Asipojitokeza, banda hili linavunjwa, na taka zetu zirudi pipa la barabarani kama zamani. Hatukuwa na shida hizi."

"Na sisi turudi wapi?" aliuliza Bi Mizani.

Mwenyekiti alikuwa ameshatoka.

*

Daktari wa zahanati alikuwa mwanamke mchangamfu, miwani imekaa juu ya nywele kana kwamba inasubiri kazi. Aliuinua mguu wa Mama Kinu, akaubinya, akaacha kuchangamka.

"Sindano ya nani?"

"Hatujui," alisema Waziri. Neno lilitoka lenyewe.

"Basi tunafanya kama yenye virusi. Mama, unaanza dawa sasa hivi, mbele yangu. Utameza kila siku kwa mwezi mzima. Usiruke hata siku moja. Zitakusumbua, sikufichi. Kichefuchefu, kizunguzungu."

"Na nikizitapika?"

"Unarudi, nakupa nyingine."

"Na kazi?"

"Kazi gani?"

"Kuruka juu ya chupa."

Daktari alimtazama Waziri, kama mtu anayeuliza kama anataniwa.

"Na kizunguzungu, mama? Hapana."

"Basi nitaruka nikiwa nimeshikwa," alisema Mama Kinu. "Nyumbani kuna wajukuu, daktari. Mama yao alishatangulia. Hii miguu unayoiona ndiyo baba yao na ndiyo mama yao."

Walipokuwa wanatoka, daktari alimvuta Waziri kando.

"Nitafutie mwenye sindano. Simtaki kwa ubaya, nataka damu yake tu. Ikiwa haina kitu, namwachisha huyu mama dawa, anarudi kwa wajukuu wake. Ikiwa ina kitu, najua napambana na nini. Unanielewa?"

Waziri alielewa. Mfukoni, vidole vyake vilikuwa vinaifinyanga tepu mpaka ikawa punje.

*

Baba yake alikuwa mezani anatengeneza pasi ya jirani. Jengo zima linamwita Fundi. Mama yake alikuwa anaosha vyombo. Mlango wa chumba cha kaka yake ulikuwa umefungwa. Siku hizi kaka alilala mchana kutwa, na nyumbani walisema ni malaria isiyosikia dawa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetota jasho?"

Waziri aliiweka ile punje ya tepu juu ya meza. Fundi aliitazama, na bisibisi ikasimama mkononi.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye chupa iliyomchoma Mama Kinu mguu."

Jikoni, maji ya bomba yaliacha kutiririka. Mama alichungulia. Hakumtazama binti wala mume, alitazama ule mlango uliofungwa. Sisi tumemwona, wasomaji. Waziri hakumwona, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwa baba yake.

"Baba, niambie si wewe."

Fundi aliiweka bisibisi chini, akaipanga vizuri sambamba na pasi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe?"

"Nina sukari. Mwaka wa pili sasa najidunga. Sikutaka mjue."

"Baba!"

"Nilifunga ile chupa kwa tepu ili mtu asichomwe. Zamani niliitupa kwenye pipa la barabarani, gari likaimeza, basi. Wewe ukaja na kanuni zako. Kila chupa, ndoo ya njano. Niliona nikikaidi, watu watasema hata kwao hawamsikilizi. Nikatii." Aliigusa ile punje ya tepu kwa kidole. "Nilikutii wewe, mwanangu."

Waziri alijua angepaswa kulia, lakini alijikuta anacheka, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. Sukari! Sukari haiambukizi. Si mhalifu anayejificha, ni mzee wake tu, na aibu yake ya kizee.

Alimkumbatia shingoni. "Kwa nini ulibeba peke yako? Twende kwa daktari, Baba. Sasa hivi. Atachukua damu kidogo tu."

"Kesho," alisema Fundi. "Kesho asubuhi. Leo nimechoka." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri: "Damu yangu wachukue hata ndoo nzima. Ya rangi wanayoitaka."

*

Kesho yake Waziri alipoamka, kaka yake hakuwepo.

"Amekwenda kwa mjomba," mama alisema, mgongo ukiwa umemgeukia. "Kuna kibarua huko."

"Na malaria?"

"Imepoa."

Waziri akaona mambo yanaanza kunyooka yote kwa pamoja.

Na kweli yalinyooka. Fundi alikunja mkono wa shati, akatoa damu bila kukunja uso. Baada ya siku chache majibu yakaja: safi. Hakuna virusi, hakuna homa ya ini, hakuna chochote. Daktari akapiga makofi mara moja kama anayeua mbu, akamwambia Mama Kinu aache dawa.

Ungekuwepo bandani siku hiyo, msomaji! Mama Kinu alikuwa amedhoofu kwa kutapika, macho yameingia ndani, lakini alicheza kwa mguu mmoja juu ya chupa, Bi Mizani amemshika kiuno.

"Damu ya Fundi safi kama maji ya mvua!" aliimba. "Na sukari juu! Kumbe nimechomwa na soda!"

Hata Mwenyekiti alikuja. Alimpa Fundi mkono mbele ya watu. "Mzee, huo ndio uungwana. Wangekuwa wote kama wewe, jengo lingekuwa jengo." Kuhusu kulivunja banda hakusema tena. Wapangaji ambao kwa miaka walipishana na Fundi ngazini bila neno, sasa walimsimamisha na kumuuliza hali ya sukari yake. Mmoja alimletea majani ya kuchemsha. Fundi alishukuru kila mtu, akaharakisha kupanda.

Waziri alipata wazo: debe la bati lenye mfuniko, moja kila ghorofa, kwa ajili ya sindano peke yake. Alilipaka rangi nyekundu yeye mwenyewe. Alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameulala tangu atoke chuo.

Mama Kinu naye alizichukua dawa zake zilizobaki, akazimimina kwenye ndoo ya kijani.

"Mama!" Waziri alimdaka mkono. "Vidonge si maganda ya ndizi!"

"Haya, ya njano?"

"Wala ya njano. Dawa zinarudishwa zahanati, huko wana njia yao ya kuziteketeza. Lete."

"Waziri wewe! Hata kutupa nako kuna darasa?" Mama Kinu alizichambua kutoka kwenye maganda huku akicheka, moja moja, akazifuta kwa upindo wa khanga. "Peleka. Na umsalimie daktari. Mwambie mlio umerudi kazini."

Zilipita siku kadhaa kabla Waziri hajapata nafasi ya kuzipeleka. Na laiti asingezipeleka, wasomaji, angelala usingizi ule mzito mpaka leo.

*

"Aa, Waziri mwenyewe!" Daktari alizipokea dawa. "Wagonjwa wangu wote wangekuwa hivi! Wengine wanawapa jirani. Mzee hajambo?"

"Hajambo. Namkataza sukari kwenye chai, tunagombana."

Daktari alicheka. "Mwache anywe."

"Anywe?"

"Nilikuwa nataka kuwapigia. Ile damu yake ilibaki kidogo, nikaona nimpime na sukari, nijue kama dozi yake inamtosha. Dada yangu, yule mzee hana sukari."

"Ameidhibiti?"

"Haipo. Haijawahi kuwepo. Ule ni mwili wa mtu asiyewahi kuugua sukari maishani mwake. Mzima kama chuma. Nani aliyemdanganya kwamba ana..."

Akasita.

Alishusha miwani kutoka kwenye nywele, akaivaa. Tabasamu lilikuwa limekwisha kumtoka usoni.

"Mzee wako alijidunga dawa gani?"

"Ya... ya sukari," alisema Waziri.

"Ulishawahi kuiona hiyo dawa? Chupa yake? Boksi lake? Ile dawa inakaa kwenye friji. Kwenu iko kwenye friji?"

Friji yao ilikufa zamani. Fundi wa jengo zima hakuwahi kupata wasaa wa kuitengeneza ya kwake. Ndani yake mama huhifadhi masufuria.

"Basi zile sindano," daktari alisema polepole, "ni za nani?"

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia uani. Ufagio ulikwenda na kurudi.

"Mimi ndiye niliyemwachisha yule mama dawa," daktari alisema. "Mimi, kwa mdomo wangu. Kwa damu ya mtu mwingine."

"Akianza tena leo?"

"Atarudi leo, na nitampa. Lakini ameruka siku. Siku alizoruka siwezi kumrudishia, Waziri. Hakuna dawa ya hiyo." Alimshika bega, akamsukuma kuelekea mlangoni. "Nenda. Mlete. Na kama unamjua mwenye sindano, usinifiche tena."

*

Waziri alipanda ngazi mbili mbili mpaka kwao, ghorofa ya tatu. Mlango wa chumba cha kaka yake ulikuwa wazi. Godoro lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kwa kamba, na mama alikuwa sakafuni anapangusa chini ya kitanda kwa kitambaa.

"Mama. Kaka yuko wapi?"

"Si nilikwambia. Kwa mjomba."

"Nikimpigia mjomba simu sasa hivi, atasema yupo?"

Kitambaa kilisimama.

"Usipige," mama alisema.

"Mama, Baba hana sukari."

Mama hakushtuka, na hilo ndilo lililomuumiza Waziri zaidi. Aliketi tu pale sakafuni, akakikunja kitambaa mara mbili, mara nne, kama anayekunja leso ya kwendea safari.

"Baba yako alimpandisha basi alfajiri," alisema, "kisha akarudi kukuamsha mwende mkatoe damu. Sijui kaka yako aliteremka wapi. Baba yako peke yake ndiye anajua. Wewe ulikuwa unatutungia sheria za ndoo, mwanangu, na sisi tulikuwa tunaokota sindano chini ya hili godoro. Kila asubuhi. Kwa koleo ya baba yako, tusichomwe."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa na furaha. Nyumba hii ilibaki na mtu mmoja mwenye furaha."

Waziri alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa na harufu ya sabuni.

"Nijibu hili moja. Kaka amewahi kupimwa?"

Mama aliirudisha mikono yake kwenye kitambaa.

"Mama!"

"Alipimwa."

"Na?"

"Walimpa dawa za kumeza maisha yote." Mama alikuwa anaongea na kitambaa. "Akazimeza miezi michache. Kisha akaziuza."

Mlango wa nje ulifunguka. Fundi aliingia akiwa na mfuko wa mkate, uso bado una mabaki ya tabasamu alilowapa watu wa ngazini. Alimwona mkewe sakafuni, akamwona binti yake, na tabasamu likamwisha.

"Umemwambia."

"Alikuja anajua," mama alijibu.

Fundi aliufunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo akauweka mfukoni mwa shati.

"Baba, fungua. Mama Kinu anatakiwa zahanati leo hii."

"Keti."

"Siketi! Anakanyaga chupa huko chini, anaimba, anadhani amepona!"

"Na unadhani mimi nalala?" Fundi hakupaza sauti. "Nilitaka nimpe damu yangu. Walipouliza ya nani, nikasema yangu. Nilidhani kama yangu ni safi, basi..." Aliugeuza ule mfuko wa mkate. "Sindano moja tu. Nilijiambia, moja tu, tena iliyokauka. Labda haikubeba kitu."

"Labda."

"Labda, ndiyo."

"Na ungekuwa mguu wangu, Baba, ungeniambia labda?"

Fundi aliketi kwenye kiti, mkate bado mkononi.

"Sikiliza. Ukishuka na kusema, Mwenyekiti anaita polisi. Kaka yako atatafutwa, na kule gerezani hatamaliza mwaka, unamjua alivyo. Mimi nitafungwa kwa kumdanganya daktari. Banda litavunjwa jioni hiyo hiyo. Wale wanawake wote, Bi Mizani, wale wengine, watalala njaa. Yeye mwenyewe Mama Kinu atakosa kazi. Na wewe, hakuna mlango wa jengo hili utakaofunguliwa ukigonga na ndoo yako. Yote uliyoyajenga."

"Na nisiposema?"

Fundi aliuweka mkate magotini.

"Nisiposema, Baba?"

"Kwa nini unaniuliza unachokijua?" alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Waziri alimwona baba yake anaficha uso kwa viganja. "Nilikuwa na watoto wawili. Nilikuwa natafuta namna ya kubaki na wawili. Basi. Sikuwa na hesabu nyingine."

Waziri aliangalia ile nyumba: kaseti za zamani kabatini, friji yenye masufuria, debe jekundu alilolipaka rangi likiwa karibu na dirisha. Alitafuta upande ambao mtu asingeumia. Alikuwa amefundishwa chuoni kwamba kila tatizo lina suluhisho lake, ukilitazama kwa subira. Alilitazama. Halikuwa nalo.

"Nipe ufunguo, Baba."

"Mwanangu."

"Nipe ufunguo. Nitakwenda kumwambia yeye peke yake, kwa siri, nimpeleke zahanati. Mwenyekiti asijue."

"Na yeye atamwambia nani? Unadhani atanyamaza? Wewe ungenyamaza?"

Na ndipo mlango ulipogongwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Wote watatu walibaki kama sanamu. Waliitambua sauti. Ilikuwa inahema.

"Jamani, hodi! Ngazi zenu zimeniua, na nyinyi hamfungui? Fundi! Ni mimi, Mama Kinu!"

Mama aliuma kitambaa. Fundi alimtazama binti yake, binti akamtazama yeye. Hakuna aliyeshinda.

Fundi alitoa ufunguo, akafungua.

Mama Kinu alikuwa amesimama pale kajitanda khanga mpya ambayo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine una bandeji na ndala. Mkononi alikuwa na mfuko mdogo wa machungwa, aliouficha nyuma kama mtoto.

"Sikai," alisema. "Nimekuja kusema neno moja, nishuke. Kazi ipo. Leo nimeona aibu, nikasema, Kinu wewe, mtu kakutoa kaburini na hujapanda hata kumwambia asante? Siku zote nimekuwa naishia hapa mlangoni, napokea ndoo. Leo nimesema nipande kama mgeni."

Aliuchukua mkono wa Fundi kwa mikono yake yote miwili.

"Ungenyamaza, nani angejua? Wangapi wangenyamaza? Umejiaibisha mbele ya jengo zima kwa ajili ya mguu wangu. Mguu huu, Fundi, ambao hata mimi siutazami. Wajukuu wangu nimewaambia jina lako. Wanakuombea kabla ya kulala, wanasema, Mungu mpunguzie Fundi sukari."

Alikiinamia kile kiganja, akakibandika kwenye paji la uso wake.

Juu ya kichwa chake kilichoinama, macho ya Fundi yalikutana na ya Waziri. Hayakuwa yanaomba tena, wala hayakuwa yanakataza. Yalikuwa macho ya mtu aliyemaliza tepu yote na waya bado uko wazi.

"Mama," alisema Waziri. Alivuta kiti. "Mama, kaa chini kwanza."

"Mimi? Humu?" Mama Kinu alikitazama kiti, na kitambaa cheupe kilichofumwa juu yake. Alijipangusa makalio kwa kiganja, upande huu na upande huu. "Nisije nikawachafulia."

"Kaa, mama."

Akakaa. Alikaa ukingoni tu, mfuko wa machungwa magotini, mguu wenye bandeji kaunyoosha mbele. Alimtazama Fundi, akamtazama mama, akamtazama Waziri, na uso wake wote ukafunguka kwa tabasamu.

"Haya, Waziri wangu," alisema. "Mmenikalisha na kiti. Nipeni basi hiyo habari njema."